Mitalawanda ya Bibi Yako

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako niliusoma Jumatano usiku, nikaurudia alfajiri. Umechaguliwa mwenyekiti wa wanafunzi wenzako huko Cairo, kura zimehesabiwa mbele ya watu, na wewe unataka kuandika barua ya kujiuzulu hata kiti hujakikalia. Eti kwa kuwa wavulana wawili watatu wamenuna. Halafu ukamalizia: "Si wewe mama uliyenisimulia habari ya mitalawanda?"

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Barua hiyo usiiandike.

Habari ya Shajar al-Durr, yule malkia wa Misri ya kale anayesimuliwa kuuawa kwa mitalawanda, unaijua tangu utotoni, na unajua nilikuwa nakusimulia lini: kila ulipojibizana na wakubwa. Nilikusimulia kama nilivyosimuliwa. Kitabu sikukifungua, mimi niliyefundisha watoto wa wenzangu miaka yote ile. Wiki hii nimesoma, na nimeona mengi niliyokupa hayakuwa sawa.

Nilikwambia alipanda farasi akaongoza jeshi. Sivyo. Jeshi lilikuwa chini ya amiri Fakhr al-Din, naye akauawa kwenye vita vya Mansura, Februari 1250, na Mamluki, wale askari watumwa, ndio waliowarudisha nyuma Wafaransa walioivamia Misri. Kazi ya mwanamke yule ilikuwa nyingine, tena nzito. Mumewe, Sultani al-Salih Ayyub, alikufa Novemba 1249 huku adui ameshauteka mji wa bandari wa Damietta, na yeye akakificha kifo hicho. Chakula kikaendelea kupelekwa hemani, amri zikaendelea kutoka na saini ya sultani. Saini yenyewe, wengine husema mtumwa aliiga mwandiko, wengine husema marehemu aliacha karatasi zilizokwisha kutiwa saini. Ilipofika Aprili, Mfalme Louis wa Ufaransa alikuwa mateka. Aliachiwa Mei, Damietta imerudi na nusu ya fidia imelipwa.

Tena kiti hakukinyakua. Maamiri, wakuu wa jeshi, walipomuua Turanshah, mtoto wa mumewe, ndio wao wenyewe waliomweka yeye. Jina lake likasomwa kwenye khutba ya Ijumaa, likapigwa kwenye dinari: mama yake Khalil, malkia wa Waislamu. Mtu aliyeanza maisha yake akiwa mtumwa wa kununuliwa! Alikaa kama siku 80. Khalifa wa Baghdad alikataa, na inasemekana aliwapelekea maneno kwamba kama wanaume wamewaishia, awaletee mmoja. Hao wanaonuna huko kwenu hawakuanza wao. Lakini yeye aliwekewa khalifa mbele yake. Wewe umewekewa nini, mwanangu, zaidi ya nyuso zilizokunjwa? Na hata alipomwachia amiri Aybak kiti na kuolewa naye, mkono wake haukutoka serikalini.

Damu ya Aybak siwezi kuifuta. Mwaka 1257 alitaka kuoa binti wa mtawala wa Mosul, akauawa bafuni, na mkono wa Shajar al-Durr ulikuwemo. Muda mfupi baadaye naye akauawa. Kwamba vijakazi walimpiga kwa mitalawanda hadi akafa, limo kwa mwanahistoria al-Maqrizi, lakini al-Maqrizi alizaliwa miaka zaidi ya mia moja baada ya tukio. Ile ya mke mwenza kupika kitamutamu cha Umm Ali na kugawa mji mzima kwa furaha ni hadithi ya jikoni tu. Hata kama mitalawanda ni kweli, alikufa kwa ajili ya mauaji yale. Hakufa kwa sababu alikalia kiti. Mimi ndiye niliyeviunganisha viwili hivyo, ukiwa mdogo, kwa sababu nilitaka ukae kimya wageni wakiwepo.

Leo nimeushika mmoja wa bibi yako, ule ulioko nyuma ya mlango wa bafuni. Ni mti mzito kweli. Msuruaki umelika upande mmoja pale kidole chake kilipokuwa kikibana, na ukuta una alama nilipokuwa naugonga kwa kukutisha. Sijui kwa nini sikuwahi kuipaka rangi.

Na wewe nina lawama nawe. Mwaka wa pili huu uko Cairo, kaburi lake liko mtaa wa al-Khalifa, karibu na ziara ya Sayyida Ruqayya, na hujafika. Alilijenga mwenyewe. Ndani, kwenye mihrabu, kuna mti wa vipande vya kioo na lulumizi, maana jina lake ni mti wa lulu. Nenda ukauone kwa macho yako kabla hujashika kalamu ya kujiuzulu. Baba yako anajifanya hana neno, lakini jana nimemsikia msikitini akimwambia muadhini, "binti yangu mwenyekiti", mara mbili.

Barua usiiandike. Ukishaiandika, usiipeleke.

Pampu ya kisima imekufa tena, tunachota kwa ndoo. Bibi yako dawa ya macho imebaki ya siku nne, lakini hela ipo, usitume yako. Fundi wa nguo za harusi anataka vipimo vyako vya mikono kabla ya Ijumaa, na mara hii jipime na mtu mwingine, usijipime peke yako kama mwaka jana.

Mama yako