Mbona tunakuuliza tarehe kabla ya kukutajia saa

Kwetu sisi tunaotembeza familia Watamu, pwani ya Kenya, simu huanza hivyo hivyo karibu kila mara. Mzazi anapiga kutoka Nairobi au Nakuru, nyumba ya kukodi Watamu ameshailipia, watoto ni watatu, na anataka kujua mambo mawili tu: mnatoza ngapi, na mtatuchukua saa ngapi. Bei tunampa papo hapo. Saa hatumpi. Tunamuuliza kwanza anakuja tarehe ngapi, kisha tunanyamaza kidogo tukipekua jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, na hapo ndipo wengine huanza kushuku kwamba wanazungushwa.

Hatumzungushi mtu. Likizo ya pwani yenye watoto ina mabwana wawili, bahari na jua, na hakuna hata mmoja anayengoja mtu amalize chai.

Tuanze na bahari. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja. Toka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku nyakati hizo huchelewa kwa karibu dakika 50. Kwa hiyo saa uliyoogelea vizuri Jumatatu siyo utakayoogelea vizuri Ijumaa. Halafu kuna bamvua na maji mafu. Bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku hizo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Ufuo wa Watamu umelala, haukuchongoka, kwa hiyo bahari ikishuka mita 3 hukimbia mbali sana kwenda mbele. Maji mafu huja mwezi unapokuwa nusu, na hapo bahari hutulia, haijai sana wala haipwi sana. Wavuvi huhesabu haya kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu bila kutazama karatasi yoyote. Sisi tunatazama karatasi kwa sababu tunabeba watoto wa watu.

Pwani yetu ina tabia moja rahisi kukumbuka. Siku za bamvua maji hujaa alfajiri na alasiri, mwendo wa saa kumi, na hupwa kabisa mwendo wa saa nne au saa tano asubuhi. Siku za maji mafu ni kinyume: saa nne asubuhi bahari imejaa, alasiri imerudi nyuma.

Mwaka wetu wa kwanza kazini hatukulipa jambo hili uzito. Tulichukua familia ya watu sita siku mbili baada ya mwezi mpevu. Ratiba tuliyowaandikia ilikuwa nzuri kwenye karatasi: bahari asubuhi, magofu mchana, nyumbani jioni. Saa nne tukafika ufuoni na bahari haipo. Boti ya kioo imekaa mchangani kama ng'ombe aliyelala. Watoto wakatembea peku juu ya mawe, mmoja akakanyaga wale wadudu wenye miiba mirefu myeusi, na adhuhuri tukawapeleka kwenye magofu ya Gede wakiwa wamechoka na kununa. Alasiri, gari likipita njia ya ufuoni kuwarudisha, mtoto wa miaka kumi akabandika uso dirishani akasema, "Mama, bahari imerudi tulipoondoka." Mama hakusema kitu. Hakuhitaji. Pesa za boti tuliwarudishia.

Tangu hapo siku za bamvua tunazigeuza. Asubuhi mapema ni ya Gede, kabla jua halijapanda, kisha chakula na usingizi, na kuanzia saa tisa watoto wanaingia majini yakiwa yanajaa taratibu juu ya mchanga uliopata moto tangu asubuhi. Wakitaka asubuhi ya ufuoni siku hizo hizo, basi si ya kuogelea. Ni ya kutembea kwenye vidimbwi vilivyobaki miambani kutafuta kaa na viti vya pweza, au kwenda kwenye fungu la mchanga linalojitokeza maji yakipwa, ambalo wageni Waitaliano walilibatiza Sardegna Due na jina likashika. Viatu vya raba ni lazima. Na mtu mzima mmoja kazi yake iwe kutazama maji tu, kwa sababu yakianza kurudi hupita kwanza kwenye mikondo iliyo kati yenu na nchi kavu, na mtoto anayeinama kutazama kaa haoni kinachotokea nyuma yake.

Maji mafu ndizo siku za boti ya kioo na za kutazama matumbawe kwa miwani na mrija. Mkondo hauvuti sana, mchanga haujatibuka, na asubuhi kina kinatosha. Hifadhi ya bahari ya Watamu, pamoja na ile ya Malindi, ilitengwa mwaka 1968, na ni miongoni mwa za kwanza Afrika. Ada ya hifadhi hailipwi kwetu wala kwa nahodha. Ni ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na hulipwa mtandaoni, kwa hiyo fanyeni hivyo usiku wa kuamkia safari, siyo ufuoni mkihangaika na intaneti huku maji yanaondoka. Nahodha wetu hatupi mkate majini kuita samaki, hata mtoto akilia. Jaketi za watoto tunazo za saizi tatu. Ndogo kabisa ni chache, ndiyo maana tunauliza umri.

Sasa magofu. Wazazi wengi hutuambia kwa sauti ya chini, "Watoto wangu hawapendi mambo ya historia." Huenda ni kweli shuleni. Gede ni jambo jingine. Ni mji wa Waswahili uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, uliostawi tangu karne ya 13 hivi, kisha ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17, na msitu ukauvamia hadi ndani ya vyumba. Mibuyu na mizizi mikubwa imekumbatia kuta. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO ikauingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Hayo ni ya wazazi. Mtoto mpe kazi.

Kazi ya kwanza tunayowapa ni kutafuta mkuki. Umechongwa juu ya mlango mmoja wa msikiti mkuu, na mtu mzima huupita bila kuuona kwa sababu anatazama chini asijikwae. Ya pili ni kaburi lenye tarehe: limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399 kwa kalenda ya kawaida. Mtoto wa darasa la tano aweza kukokotoa lina umri gani, na akishapata jibu hulirudia kutwa nzima. Ya tatu ndiyo huwaangusha kwa kicheko: kutafuta vyoo. Nyumba za Gede zilikuwa na vyoo na bafu zenye mifereji ya kutolea maji, ndani kabisa ya nyumba. Nimewahi kumwona mvulana akichuchumaa juu ya tundu la karne nyingi zilizopita na dada yake akimpigia hodi kwenye mlango usiokuwepo.

Nyumba nyingine zimepewa majina ya vilivyookotwa ndani yake wakati wa ufukuaji. Iko Nyumba ya Mkasi, iko Nyumba ya Taa ya Chuma, iko iliyotajwa kwa sarafu za Kichina. Ukimuuliza mtoto nyumba yao ingeitwaje watu wakija kuifukua baada ya miaka mia sita, utasikia mambo ya kwenu ambayo hukutaka tuyajue.

Msikae muda mrefu. Saa moja na nusu inatosha kwa wenye watoto wadogo, hata kama mwongozo wa hapo bado ana hadithi. Kabla ya kutoka, simameni kwenye kisima kilicho karibu na msikiti mkuu. Kilichimbwa tena kwenda chini zaidi kadiri maji yalivyozidi kushuka, na hiyo ni moja ya sababu zinazotajwa watu wanapouliza kwa nini wenyeji waliuhama mji. Kukauka kwa maji hakuhitaji ufasiri kwa mtoto aliyekwisha kubeba ndoo.

Kima wa Gede wanastahili onyo lao. Ndizi ziacheni garini, na biskuti pia, na ile pakiti inayochakarisha ukiishika. Kima anaushuka mti kimya, anachukua, anapanda. Mtoto wa miaka mitatu hana la kufanya ila kulia.

Papo hapo kwenye lango kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993. Wanavijiji wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza mabuu yao yaliyojifunga, hivyo msitu unawalisha ukiwa umesimama. Nusu saa, na mara nyingi ndiyo nusu saa ambayo watoto huikumbuka kuliko safari nzima. Inatuuma kidogo, baada ya hotuba yetu yote ya magofu.

Malindi hatuwauzii kama siku nzima. Nguzo ya Vasco da Gama ni nzuri jioni, upepo ukivuma, na haichukui zaidi ya dakika ishirini. Mreno huyo alifika Aprili 1498, akapokewa vizuri na kupewa rubani wa kumvusha hadi India. Watoto huisikiliza habari hiyo kwa adabu tu. Tunachowaeleza pale ni twiga: mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa Uchina, na huko wakamfananisha na mnyama wa ngano zao. Maswali hayaishi. Alilala wapi melini? Alikula nini? Shingo ilipita wapi? Hatuna majibu, tunawaacha wabishane hadi Watamu.

Mkiingia mitaa ya zamani ya Malindi, kina mama wawe na leso mkononi na kina baba wavae shati. Ufuoni ni ufuoni, mtaani ni kwa watu.

Mida, hori ya bahari yenye mikoko karibu na Watamu, tunaiweka kwenye jioni za bamvua, maji yakijaa hadi kwenye mikoko. Pale kuna daraja la mbao lililoning'inizwa juu ya mikoko ambalo hutikisika vya kutosha kumfanya mtoto acheke na nyanya yake ashike kamba kwa mikono miwili. Kiingilio husaidia kulipia karo watoto wa vijiji vya jirani. Jua hutua upande wa bara, nyuma ya maji, jambo ambalo ufuo wa bahari yenyewe hauwezi kukupa.

Na Fort Jesus ya Mombasa? Tunaulizwa kila wiki. Ngome hiyo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, ni ya kuonwa, lakini kutoka Watamu ni zaidi ya kilomita 100 kwenda na nyingine kurudi. Kuwafungia watoto garini kutwa ili watembee ngomeni saa moja, tena kwa adhuhuri, ni adhabu. Iwekeni siku ya kuondoka. Kama treni yenu ya SGR ni ya usiku, tunatoka Watamu baada ya chakula cha mchana, mizigo inabaki garini na dereva, mnaiona ngome jua likiwa limepungua makali, kisha stesheni.

Yako mambo hatuwezi kuyaahidi kwa jedwali lolote. Mwani hutupwa ufuoni wakati wa upepo wa kusi, wiki nyingine kidogo, nyingine kwa wingi. Mvua zikinyesha bara, mto Sabaki humimina tope na bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Si uchafu wa hoteli, na Watamu huwa afadhali. Kasa wakianguliwa usiku mmoja mkiwa hapa, tutawapigia simu hata saa nane. Wasipoanguliwa, kuna kituo cha Watamu kinachotibu kasa waliojeruhiwa na nyavu, na ziara ya pale ni ya mchana, haitegemei bahati.

Kwa hiyo ukitutumia ujumbe, andika tarehe ya kufika na ya kuondoka, umri wa kila mtoto, na kama kuna mzee ambaye magoti yanamsumbua, maana njia za Gede ni tambarare lakini zina mizizi. Saa tutakutajia jioni hiyo hiyo. Pengine tutasema saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nawe utadhani tumekosea.