Barua kwa mwanangu: lenta izunguke nyumba nzima

Mwanangu,

Salamu za hapa nyumbani. Sote wazima, mama yako presha imetulia tangu abadilishiwe dawa. Hela ya tofali ilifika na tofali zimeshashushwa kiwanjani. Majirani wakipita wanauliza nyumba ya nani hiyo, nami najibu ni ya binti yangu. Kaka zako hata msingi hawajachimba.

Lakini jana fundi ameniambia mmekubaliana lenta, ule mkanda wa zege na nondo, iwekwe juu ya milango na madirisha tu, vipande vipande, ili hela inayobaki inunue vigae vya sebuleni. Sikulala. Wewe, uliyezaliwa na kukulia Bukoba, ndiye wa kukubali jambo hilo?

Tetemeko la Septemba 10, 2016 sitakusimulia, ulikuwepo. Nakukumbusha tu kwamba ardhi haikummeza mtu, kuta ndizo zilizoua. Watu wasiopungua 17 walikufa, mamia wakajeruhiwa, nyumba zaidi ya 2,000 zikalala chini. Ulizipita mwenyewe: tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, hazina mkanda wa zege hata mmoja. Hata Ihungo, shule ya miaka na miaka, ilipasuka hadi ikabidi ijengwe upya.

Na usiniambie lile limeshapita. Nimefundisha jiografia hadi nikastaafu. Bonde la Ufa lina mikono miwili: wa magharibi unapita Ziwa Albert, Edward na Kivu hadi Tanganyika, wa mashariki unashuka Kenya kuja Natron na Manyara. Sisi na Ziwa Victoria tumekaa katikati, juu ya bamba dogo la miamba lililobanwa na mikono hiyo, na upande wa mashariki wa Afrika unajitenga na bara milimita chache kila mwaka. Miamba huvumilia miaka mingi, ikichoka inakatika. Mwaka 2016 ilikatika kama kilomita 40 chini ya ardhi, tetemeko likawa na ukubwa wa 5.9. La Rukwa la mwaka 1910 lilifika 7.4. Toro, ng'ambo ya mpaka huko Uganda, walipigwa mwaka 1966. Kuvutana huko hakujasimama, mwanangu, hata leo ninapoandika.

Kwa hiyo lenta izunguke nyumba nzima. Tetemeko linaisukuma nyumba ubavuni na kila ukuta unataka kwenda kwake; mkanda unazishika zote pamoja kama kamba inavyoshika mzigo wa kuni. Kipande cha juu ya dirisha kinabeba tofali zilizo juu yake, basi. Nondo ziwe nne, na kwenye kona zipindwe ziingie ukuta wa pili. Huyu fundi nimemwona kwa jirani akizikatia pale pale konani. Na paa afadhali lishuke pande zote nne, tusiwe na ule ukuta wa pembetatu juu, huo ndio huwa wa kwanza kuanguka.

Najua utasema nyumba uliyokulia haina lenta. Haina, kweli. Hela ya mwaka ule ilikwenda kwenye ada zenu, na ule ufa wa chumbani kwenu nimekuwa nikiuziba kwa plasta kila Desemba kabla hamjafika.

Mnyauko umeingia migomba ya bondeni, nimekata mashina na kuyafukia. Kahawa si mbaya. Mama anauliza kama senene zilifika salama, na ndoo yake anaitaka.

Vigae vitasubiri, sakafu ya saruji inafagilika. Fundi atafika usawa wa madirisha Alhamisi. Mpigie wewe mwenyewe kabla ya siku hiyo, maana akisikia kwangu anasema mzee ana hofu. Bei ya nondo nimeshauliza. Ukituma Jumatano asubuhi, kwa simu ya mama yako, nazipakia kwenye guta siku hiyo hiyo. Lenta nzima, mwanangu, kona zote.

Baba yako