Uliporwa, hukuibwa

Shoga yangu Rahma,

Pole sana kwa mkasa wa mkoba, na alhamdulillah hukuumia. Barua yako ya bima nimeisoma. Pale ulipoandika "I was stolen" nimecheka mpaka machozi. Usinune! Mimi mwenyewe niliwahi kujaza hivyo hivyo kwenye fomu, karani akashusha miwani puani akaniuliza: basi walikurudisha lini?

Kinachotuponza ni ufundi wa Kiswahili. Mwizi huiba mkoba, humwibia Rahma. Mkoba umeibwa, Rahma kaibiwa. Kairabu kamoja tu kanatenganisha mali na mwenye mali. Mwingereza hana kairabu hako, kwa hiyo hubadilisha kitenzi kizima. Steal huenda na kitu: "They stole my bag." Rob huenda na mtu, au mahali kama benki: "They robbed me." Ukitaka kuutaja na mkoba, tia of: "They robbed me of my bag."

Lakini usilitumie rob ovyo. Huko lilikotoka, Sheria ya Wizi ya mwaka 1968 ya Uingereza inasema wizi hauwi robbery mpaka mwizi atumie nguvu, au amtishe mtu kwamba atampiga papo hapo, ili apate kuiba. Wizi mtupu mwisho wake ni kifungo cha miaka 7. Robbery inaweza kufika kifungo cha maisha. Sasa wewe kwenye simu uliniambia jamaa alikubamiza ukutani ndipo akakunyang'anya. Huo ni unyang'anyi, shoga, na kwenye barua hukuutaja hata kidogo! Angekuchomolea usijue, ningekwambia uandike "My bag was stolen" yakaisha.

Halafu kuna jambo limenifurahisha. Rob na robe, yaani joho, ni ndugu wa damu: asili yao ni neno la kale la Kijerumani lililomaanisha nyara, likapitia Kifaransa. Nguo za aliyeporwa ndizo zilizokuwa nyara zenyewe. Hata washabiki wa mpira wakinyimwa penalti husema "We were robbed", kama sisi tunavyolia tumeibiwa.

Basi andika: "I was robbed. A man pushed me against a wall and took my bag." Mengine yako sawa, ila tarehe umeweka mbili tofauti. Chagua moja.

Wako,
Zuhura