Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taifa ya Upandaji Miti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu. Mwenyekiti wa Kamati ya Shule. Mwalimu Mkuu na walimu wetu. Viongozi wa kijiji, wazee wetu wa baraza la jadi la dagashida, wazazi na wanafunzi wenzetu: itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa, karibu sana shuleni kwetu, hapa ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Umefika tarehe 1 Aprili, masika yameshika, na miche ya mikuyu, mikwaju na mininga kutoka kitalu chetu iko tayari. Ila kabla hujashika jembe, tunaomba utusikilize kwa jambo moja: mlima ulio nyuma ya shule unahitaji kupumzishwa kuliko unavyohitaji miche yetu.

Mheshimiwa, ukiutazama kutoka hapa utaona mawe matupu. Ukiupanda, utakuta katikati ya mawe hayo visiki vya migunga na mininga vinavyochipua kila mvua zikinyesha. Kiangazi kikifika, mbuzi hula machipukizi na panga humalizia yaliyobaki. Kisiki kina mzizi wa miaka mingi uliokwisha kujua maji yalipo, wakati mche wa kitalu ndiyo kwanza unaanza kuyatafuta. Mninga ndio mgumu zaidi. Ukiwa mchanga, hukauka juu kila kiangazi, kwa miaka kadhaa, huku mzizi ukinenepa chini. Anayekuja kuhesabu miche wakati huo huandika kwamba imekufa, na mwaka unaofuata tunaletewa mikaratusi.

Hatuidharau mikaratusi. Inatupa mirunda na nguzo, nayo hukua haraka. Lakini hunywa maji mengi, na mahali pake si kando ya chemchemi.

Mheshimiwa, wazee wetu Wasukuma walikuwa na dawa ya jambo hili, nayo ni ngitili. Eneo hufungwa mvua zinapoanza, nyasi na miti ikakua, kisha mifugo ikaingizwa kwa utaratibu wakati wa kiangazi. Jirani zetu wa Shinyanga walipokuwa wanaelekea kuwa jangwa, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza mwaka 1986 uliirudia ngitili, na maelfu ya hekta yakarudi kuwa ya kijani, mengi yake kwa visiki na mbegu zilizokuwa tayari ardhini. Dagashida ndiyo iliyosimamia, na aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati alilipa faini.

Klabu yetu ilitembelea pia Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, yenye kilomita za mraba 2.18 tu pamoja na maji yake, na iliyo jirani kabisa na Jiji la Mwanza. Mawe yake ni kama ya kwetu. Tofauti ni kwamba kule hakuna anayekata, na miti imeshika hadi kwenye nyufa. Tuliona pimbi wakiota jua na mijusi wenye vichwa vyekundu. Mkuyu huzaa nyakati mbalimbali za mwaka, hivyo ndege, tumbili na popo hula kwake wakati miti mingine haina kitu, kisha husambaza mbegu bila kudai posho.

Ufukweni hali si nzuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, lakini bustani zimefika majini, na mafunjo yaliyokuwa yakizuia tope yamechomwa. Tope hilo huishia kwenye maji ya kina kifupi, ambako sato huchimba viota vyao.

Mheshimiwa, maombi yetu ni haya. Kwanza, utusaidie kijiji kipitishe sheria ndogo ya kuufanya mlima huu ngitili, dagashida wakiisimamia. Pili, mpaka wa mita 60 uwekewe alama zinazoonekana. Tatu, jiko la shule. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, lakini uji wetu bado unachemka kwa kuni, na ni aibu kidogo kwa klabu ya mazingira kunywa mlima wake kila siku saa nne.

Mkwaju wako uko pale karibu na mlingoti wa bendera. Miiba ya kuuzungushia tumeshaikata, maana mbuzi wa hapa hawamtambui mgeni rasmi.

Tunaomba kuwasilisha.