Mwambieni msomaji yule awashe tena fayawoli yake

Mhariri,

Ukurasa wenu wa teknolojia ulimjibu msomaji aliyelalamika kwamba VPN yake, yaani programu ya kumfikisha kwa njia ya siri kwenye mtandao wa mbali kama wa ofisi, inazunguka tu bila kuunganisha. Aliambiwa azime fayawoli (kinga inayochuja mawasiliano ya kompyuta) na antivirasi, kisha aifute programu na kuiweka upya, na ikigoma tena atafute VPN nyingine ya bure. Kazi yangu ni kupokea simu za wafanyakazi walioshindwa kuingia kwenye mtandao wa ofisi wakiwa nje, na wengi hunipigia wakiwa wameshaufuata ushauri wa aina hiyo. Ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Nianze na hilo la kufuta, maana ndilo linaloumiza zaidi. Mhasibu mmoja, mtu mzima, alinipigia mishahara ya watu ikiwa bado haijapita. "Mwanangu, hii kitu imegoma, na nimeshaifuta kama walivyosema." Nikamwomba anisomee tarehe iliyo pembeni mwa skrini. Akanisomea ya mwaka 2019. Betri ndogo ya ndani inayotunza saa ilikuwa imekufa, kwa hiyo kompyuta ikiishiwa chaji, saa inarudi nyuma. VPN nyingi huhakikisha kwamba seva, yaani kompyuta ya upande wa pili inayokupokea, ni ya kweli kwa kutazama cheti chake cha kidijitali, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani bado ni 2019 inakiona cheti hicho kuwa hakijaanza kutumika, basi inakikataa na mazungumzo yanakatika. Kurekebisha saa kungetosha. Lakini programu ilipofutwa, faili la mipangilio lenye funguo zake nalo lilikwenda, ikabidi atengenezewe jingine na msimamizi wa seva, ambaye siku hiyo hakupatikana hadi jioni. Mzee wa watu alikuwa na tatizo dogo, akaongezewa kubwa.

Kwa anayetumia WireGuard, mojawapo ya aina za VPN, hasara ni zaidi. Ufunguo wa siri hukaa kwenye kifaa chako, na seva inakutambua kwa ufunguo wa wazi unaoendana nao. Ukifuta ukatengeneza mwingine bila kumpelekea msimamizi, kwa seva wewe ni mgeni, na WireGuard haimjibu mgeni hata kumwambia hapana. Inakaa kimya. Wewe unaona kimya hicho, unasema mtandao ni mbovu, unahangaika na ruta ambayo haina kosa.

Sasa fayawoli. Ni kweli iliyo kwenye kompyuta yako huweza kuzuia VPN, na dawa yake ni kuiruhusu programu hiyo moja, si kuzima ulinzi wote. Ila mara nyingi kizuizi hakiko kwako kabisa, kiko kwenye mtandao uliouazima: wa hoteli, wa hospitali, wa chuo. Mawasiliano hupita kwenye poti, yaani milango yenye namba, kwa njia za kutuma data kama UDP na TCP. OpenVPN, aina nyingine ya VPN, kwa kawaida hupita UDP poti 1194, WireGuard hupita UDP 51820, na IKEv2, aina nyingine tena, hutumia UDP 500 na 4500. Mitandao mingi ya wageni huacha wazi njia za kurasa za wavuti tu, yaani poti 80 na 443. Hapo hata ukizima kila kinga uliyo nayo, hakuna kitakachobadilika, isipokuwa kwamba kompyuta yako sasa iko uchi katikati ya watu usiowajua.

Kitu cha kwanza ninachomwambia mtu ni awashe hotspoti ya simu yake ajaribu kupitia hapo. Ikiunganisha, basi programu, nenosiri na seva vyote ni vizima. Kasoro ni ya waifai ile. Aulize kama kuna ukurasa wa kuingilia ambao hajaufungua, kwa sababu VPN iliyowekwa ijiwashe yenyewe huweza kuuzuia ukurasa huo usitokee: izimwe kwanza, ukurasa ukubaliwe, kisha iwashwe. Kama si hivyo, msimamizi wa OpenVPN anaweza kuifungulia njia ya TCP kwenye poti 443. WireGuard yenyewe haipiti TCP, kwa hiyo huko hilo halisaidii.

Jingine ambalo ukurasa wenu haukuligusa ni ujumbe wa kosa. Watu huufunga haraka kana kwamba ni tangazo. AUTH_FAILED maana yake seva imefikiwa na imekujibu, ila imekataa jina au nenosiri, hivyo uache kugusa ruta. Ujumbe wa OpenVPN kwamba mazungumzo ya funguo za TLS (njia ya kuficha mawasiliano) hayakukamilika ndani ya sekunde 60 ni habari nyingine kabisa: mara nyingi pakiti, yaani vipande vya data, zimezuiwa njiani, au anwani ya seva si sahihi. Nisomee maneno yale kama yalivyo na nusu ya kazi yangu imekwisha.

Kuhusu VPN ya bure sitasema mengi. Anayetaka kufika kwenye seva ya ofisi yake hatafikishwa na VPN ya mtu mwingine. Atapelekwa kwingine, na mawasiliano yake yatapita mikononi mwa asiyemjua.

Ninaloomba, Mhariri, ni masahihisho kwenye ukurasa uleule, hata ya mistari michache. Msomaji yule aliambiwa azime fayawoli na antivirasi, lakini nimeisoma makala hadi mwisho sikuona mahali alipoambiwa aviwashe tena. Huenda hadi leo vimezimwa.

Mhudumu wa kitengo cha TEHAMA