Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii wa Kaunti ya Kilifi: saa za kutazama ndege zifuate maji

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Malindi. Sisi ni waongozaji wa watazamaji ndege katika msitu wa Arabuko-Sokoke, hori ya Mida (mkono wa bahari ulioingia nchi kavu) na mlango wa Mto Sabaki. Ombi letu ni moja: ratiba ya shughuli hii ipangwe kwa maji na mwanga, wala si kwa saa za ofisi.

Tuanze na Mida. Maji yakipwa kabisa, matope hubaki wazi eneo kubwa na ndege hutawanyika mbali wakitafuta kaa na minyoo. Mgeni anayeletwa wakati huo huona vidoti tu, hata akiwa na darubini ya kusimamishwa kwa miguu mitatu. Jua likishapanda, mvuke wa joto hufanya hata vidoti hivyo vicheze. Wakati wa kufika ni muda wa saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa, kwa kuwa maji yanapopanda huwasogeza ndege hatua kwa hatua hadi ukingoni mwa mikoko. Hapo vitwitwi, sululu na yule mla-kaa mweupe na mweusi anayezalia mashimoni katika fukwe za Uarabuni huonekana vizuri, wala hakuna haja ya kuwafuata.

Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa mwendo wa saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni. Basi mgeni awe amekaa mahali pake saa nane mchana, upande wa msitu, jua likiwa mgongoni. Kesho yake aongeze dakika 50 hivi. Maji mafu, yale yanayojaa kidogo tu, hayafuniki matope yote, na ndege wengi hubaki mbali; siku hizo ni bora kumpeleka msituni. Kila mvuvi ana hesabu hii kichwani. Kuichapisha na kuibandika penye kuuzia tiketi hakugharimu kitu.

Maji yakishajaa, ndege husimama pamoja kwenye sehemu chache kavu, wakipumzika. Hapo ndipo madhara makubwa hufanyika. Machi na Aprili wanakusanya mafuta mwilini kwa safari ya kaskazini, wengine hadi Siberia, na kila wanaporushwa huchoma akiba ambayo hawana muda wa kuirudisha. Tunapendekeza mita 100 ziwe mpaka, kwa miguu na kwa mtumbwi. Ndege wakiacha kula na kuinua vichwa wote kwa pamoja, mpaka umeshavukwa: rudi nyuma polepole.

Sabaki inahitaji ulinzi zaidi, maana mchanga wake hauna lango. Kuanzia Aprili hivi hufika vikundi vya mbayuwayu-maji wa Madagaska na kukaa hadi Septemba hivi, wakitua pamoja mchangani. Pikipiki moja ikipita huinua kundi zima. Vizuizi vya magogo kwenye njia za kuingilia ufukweni vitatosha kwa kuanzia. Tena kuna viboko: alfajiri na magharibi mgeni asipitishwe kati ya kiboko na maji, hata kama upande huo ndio wenye mwanga mzuri.

Msituni saa ni nyingine kabisa. Makundi ya ndege mchanganyiko hutembea juu ya miti ya mirihi tangu kupambazuka hadi saa tatu hivi, na huko ndiko anakotafutwa kwera wa Clarke, ambaye hapatikani nje ya Kilifi. Saa nne msitu umenyamaza. Kwa hiyo tiketi inunuliwe jana yake na askari awe langoni saa kumi na mbili kasoro, kwa kuwa kuna tembo na si busara kuingia gizani bila yeye. Tunajua msitu uko mikononi mwa KFS (shirika la misitu) na KWS (shirika la wanyamapori). Tunachoomba ni Kaunti iketi nao.

Kisha bundi mdogo wa Sokoke. Duniani yupo pwani hii ya Kenya na chini ya milima ya Usambara mashariki, Tanzania, basi. Mchana hulala kwenye kichaka cha chini, penye udongo mwekundu. Kumchezea sauti yake kwa simu humtoa mafichoni akidhani mpinzani ameingia, na huku nje ndege wengine humshambulia. Sauti za simu zipigwe marufuku kwake. Watu wasizidi wanne kwa mara moja, dakika kumi, bila taa ya kamera, na kichaka kilichotembelewa leo kipumzishwe kesho.

Mheshimiwa, tuko tayari kuandika ratiba ya maji ya mwaka mzima na kukukabidhi kabla ya ndege wa kaskazini kufika Agosti. Tunaomba siku ya kukutana nawe pamoja na maafisa wa misitu na wanyamapori, ikiwezekana Mida, siku ya bamvua, saa nane mchana.

Wasalaam,
Waongozaji wa watazamaji ndege, Malindi na Watamu