Hodi ya Idi: salamu kutoka Mtongwe

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote: wa ng'ambo hii ya Likoni, wa kisiwani, wa Changamwe na Kisauni, na nyinyi askari wetu mlio mbali ambao mlipo sitapataja. Minal aidin wal faizin. Idi Mubarak.

Naandika vidole vina unga. Mpaka dakika hii hatujajua kama usiku huu ni wa Idi au wa kuingia thelathini. Mombasa ni Mombasa: kuna walioanza kufunga na Makka, kuna wanaongoja tangazo la Kadhi Mkuu, na kuna nyumba ninayoijua mimi ambayo mwaka juzi baba alikula Idi sebuleni na mama amefunga jikoni, akimpikia. Lakini unga haungoji mwezi. Mahamri yamekandwa, yamefunikwa kanga, yanaumuka. Ikiwa kesho bado tumefunga, tutajua la kufanya nayo magharibi.

Kaskazi inaishilizia. Joto limetukaa shingoni na masika hayajaonesha dalili, wala upepo wenyewe si ule wa Januari wa kupeperusha nguo hadi kwa jirani. Wazee wa hapa walikuwa wakiusoma upepo huu kama ratiba. Majahazi yalishuka nao kutoka Arabuni, yakapitia Barawa na Kismayu, yakatia nanga Bandari ya Kale, kisha yakangoja kusi iyarudishe kwao. Aliyesafiri alijulikana atarudi na upepo gani. Mke wa nahodha angeweza kuhesabu. Wa kwetu wa siku hizi hawana upepo. Wana barua ya kazi, na tarehe ya kurudi inayosogezwa.

Vijana wetu wa jeshi la Kenya walivuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011. Wengi wetu tulidhani ni jambo la miezi. Mwishoni mwa Septemba 2012 wakaingia Kismayu wakitokea baharini, na hapa Mtongwe, penye makao ya jeshi la wanamaji, habari ile haikuwa ya redioni tu. Tangu hapo shughuli ya Muungano wa Afrika ya kulinda amani Somalia imebadilishwa jina mara kadhaa: AMISOM, kisha ATMIS mwaka 2022, kisha AUSSOM mwaka 2025. Watoto waliozaliwa baba akiwa safari ya kwanza sasa wako sekondari. Jina likibadilika, mkoba unaofungwa ni ule ule.

Nataka kusema habari ya hodi.

Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya jeshi letu ya El Adde, huko Somalia, ilivamiwa na al-Shabaab, na tarehe 27 Januari mwaka uliofuata ikawa zamu ya kambi ya Kulbiyow. Siku zile picha zilifika kwenye simu za watu kabla habari haijafika mlangoni kwa wenyewe. Jirani yangu mmoja, ambaye mumewe alikuwa huko huko Somalia japo kambi nyingine, akawa na tabia mpya. Akisikia hodi, anakaa chini kwanza. Hata kama ameshika sufuria, ataiweka, atakaa kwenye kigoda, atapanga mtandio wake vizuri, ndipo aitike "karibu" kwa sauti ya mtu anayeitwa na daktari. Siku niliyoyaona haya kwa macho yangu, aliyebisha alikuwa mwenye maji, na mkokoteni wake, na mitungi yake minane ya lita ishirini, anauliza anamimina wapi. Mama wa watu alicheka mpaka akalia. Halafu akalia tu.

Hodi, ambayo kwetu ni neno la heri, neno la "nimekuja kukuona", ilikuwa imegeuka nyumbani mwake kuwa mlio wa hatari.

Hapo ndipo kikundi chetu kilipoanzia, ingawa wakati huo hatukuwa na akili ya kulisema hivyo. Tulikuwa wanawake sita, ustadhi mmoja wa chuo, na fundi cherehani. Jina hatuna mpaka leo. Tulijaribu kujipa jina mara mbili, na mara zote mbili kikao kiliisha kwa ugomvi, basi tukaona afadhali tubaki bila jina na tuendelee kusemezana.

Tulianza vibaya, na kwa kuwa Idi ni siku ya kusameheana, niseme wazi. Ramadhani ya kwanza tulichanga, tukanunua unga, mchele, sukari, mafuta na tende, tukavitia kwenye mifuko, tukazunguka nyumba za askari na kijana mwenye kamera. Nyumba ya tatu mama akatupokea vizuri, akatukalisha, akatutilia maji baridi. Akaangalia ule mfuko. Akaangalia kamera. Akasema, taratibu kabisa, "Dada zangu, mimi nimefiwa lini?"

Hakuna aliyejibu.

"Mume wangu yu hai, na mshahara wake unaingia. Unga ninao. Mkitaka kunisaidia, kesho nina kliniki ya mtoto kisiwani, na huyu mkubwa sina wa kumwachia. Njooni saa kumi na mbili asubuhi."

Tulirudi na unga wetu. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi mmoja wetu alikuwa pale, kijana wa kamera hakuwepo, wala hajawahi kuwepo tena.

Kuna jambo wenyeji hatulioni mpaka tuambiwe. Wengi wa wake hawa si wa hapa. Ametoka Bungoma, ametoka Kitui, ametoka Nyeri, kaletwa na uhamisho wa mume, na mji huu haumjui. Hana shangazi wa Mombasa. Hana mjomba wa kumwita mtungi wa gesi ukiisha saa mbili usiku katikati ya kupika. Mtoto akiwaka homa usiku, kati yake na hospitali anayoiamini kuna feri ya Likoni, na feri ya usiku ukiwa na mtoto mgongoni, peke yako, ni safari ndefu kuliko maji yenyewe yalivyo mapana. Mimi nimezaliwa hapa. Nikikohoa, nyumba tano zinaniletea tangawizi. Yeye akikohoa anasikika na nani?

Kwa hiyo kazi yetu, tukiivua mapambo, ni ushangazi. Kubeba mtungi. Kushika mtoto. Kukata maboksi ya kazi za shule, maana mtaala huu wa sasa umewarudisha wazazi darasani na mikasi mkononi, na aliye peke yake na watoto watatu hana mikono ya kutosha. Kumsindikiza mtu ofisini kuuliza karatasi iliyokwama, kukaa naye benchini, kurudi naye wiki ijayo kwa karatasi ile ile. Kumkumbusha mwenye nyumba, kwa adabu, kwamba kodi ya mwezi huu inakuja tarehe tano kama miezi yote, na hakuna haja ya kubisha mlango kwa kishindo.

Na kila nyumba kupigiwa hodi angalau mara moja kwa wiki, bila sababu. Hii ndiyo kanuni pekee tuliyoiandika. Usiende kwa kuwa kuna jambo, nenda kwa kuwa ni Jumanne. Mpelekee mbaazi kwenye kibakuli, muulize amelalaje, mkosoe pazia lake, ondoka. Hodi za Jumanne zikizidi, hodi moja haibaki na uzito wote. Jirani yangu yule haketi tena. Siku hizi anaitikia kutoka jikoni kwa kelele, "Ingia, mlango uko wazi, na viatu uvue!"

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimekwenda bega kwa bega, na imekuwa raha ya aina yake. Mama mmoja Mkatoliki wa ploti yetu, mumewe yuko huko, alisema hawezi kula mchana mbele ya watu wanaofunga huku na yeye yuko kwenye mfungo wake, basi akawa anangoja adhana pamoja nasi. Kaimati zake za kwanza zilitoka kama mawe ya kujengea. Sasa ametupita sote, na sukari anajua kuipika mpaka inashika uzi. Pasaka yake haiko mbali, na tumeshagawana: sisi wali wa nazi, wao kuku.

Mlio huko: simu zenu mnajua wenyewe zilivyo. Mtandao ukikubali, mnapiga. Usipokubali, kimya cha siku tisa. Idi moja, mmoja wenu alipata zamu ya mtandao saa nne asubuhi, akapiga kwa furaha, "Mke wangu, Idi Mubarak!" Huko walikuwa wameshaswali. Hapa Mombasa mkewe alikuwa amefunga thelathini, na mezani hapana hata kikombe. Mimi nilikuwapo. Alinitazama, akatikisa kichwa nisiseme neno, akamwambia, "Na wewe pia, mume wangu. Pilau imeiva, watoto wamevaa." Akamtajia na rangi za kanzu. Kanzu zenyewe bado zilikuwa kwa fundi. Simu ilipokatika alikwenda kutawadha, akaniuliza kama ule ulikuwa uongo wa kufunguza saumu. Nilimwambia sijui, akamuulize ustadhi. Ustadhi alipoulizwa alivua miwani, akaifuta muda mrefu, akasema, "Lete swali lingine."

Na achari. Naomba radhi hadharani. Kijana aliyekuwa amekuja likizo alikubali kutubebea vitu vidogo vya wenzake: mabuyu, kashata, tende, na achari ya embe. Achari tuliitia kwenye chupa ya maji ya matunda iliyotumika, tukaikaza kifuniko kwa mkanda wa gundi, tukajiona mafundi. Kwa joto lile ikachacha na kupasuka ndani ya mkoba wake. Alituma ujumbe wa sauti mmoja tu: "Mama zangu, wenzangu wananijua nakuja kabla sijafika." Mabuyu, nasikia, yalifika salama, na kambi nzima ikawa na midomo myekundu. Achari sasa hatupeleki. Pilipili kavu iliyokaangwa, ndiyo.

Kuna siku nikivuka kwenda mjini napita pale penye sanamu ya askari, barabara ya Jomo Kenyatta, ile ya Vita Kuu ya Kwanza, yenye maandishi yanayowakumbuka pia wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Matatu huwa hayasimami kukupa nafasi ya kusoma. Na kila ninapoitazama Kilindini kutoka huku kwetu, huwaza meli ya Khedive Ismail iliyoondoka Mombasa Februari 1944 na askari wa Afrika Mashariki, ikazamishwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldivi tarehe 12 mwezi ule ule. Walikufa zaidi ya watu 1,200. Vijana wa vijijini, wengi wao hawakuwa wameiona bahari kabla ya bandari hii. Wake zao walisikia kwa nani? Nani alibisha mlango, na siku ya pili, alirudi nani? Sanamu imesimama vizuri, sina neno nayo. Mimi swali langu ni la siku ya pili.

Tuna watu wa siku ya pili pia kwenye kikundi. Wajane wawili. Siwasemei, wao ndio wanaotufundisha ni lini unyamaze. Mmoja wao ndiye anayeshika daftari la michango, na shilingi ikipotea tunalala macho.

Neno moja kwa vijana wetu wa simu. Sikukuu hizi mtapiga picha, na ndiyo raha yenyewe. Lakini usiandike baba wa fulani yuko kambi gani, anarudi lini, wala nyumba yake ni ya ngapi kutoka duka la kona. Na ukiletewa picha au uvumi kutoka huko, ikomee kwako. Kuna mtu hapa mtaani atakayemtambua aliyemo kwa soksi.

Basi mpango wa Idi mosi ni huu. Watoto wote, wa askari na wasio wa askari, wanakwenda Makadara kwenye bembea na ustadhi pamoja na kaka zao wanne. Nauli imeshachangwa, mkono wa Idi kila mmoja ajitahidi kwa anachoweza. Kabla ya hapo, tukishatoka kuswali, tunazunguka nyumba zote kumi na saba. Mahamri mia tatu, mbaazi sufuria mbili, chai ya maziwa kwenye zile chupa kubwa za msikitini. Ambao si Waislamu, jiandaeni vile vile, hodi yenu iko kwenye orodha. Mtakaotusikia tukicheka kwenye ngazi, ndio sisi.

Nyinyi mlio mbali, mkipata mtandao saa tatu asubuhi pigeni. Tutakuwa mlangoni kwenu, tutampisha aongee.

Tumewakosea mwaka huu kwa kusahau, kwa kuchelewa, kwa kuongea sana. Tusameheni, nasi tumesamehe. Na aliyebaki na sufuria yangu ya kifuniko tangu Idi iliyopita, nawe nimekusamehe. Ilete kabla ya alfajiri, nina mbaazi.